Nimeacha kuamini, lakini hofu haijaniacha. Nifanye nini?

"Nina miaka 26, naishi Kadutu, Bukavu, nyumbani kwa wazazi. Baba ni mchungaji. Nimeimba korale tangu utotoni na bado naimba, lakini ni karibu miaka miwili sasa siamini tena. Hakuna aliyenikosea. Imani iliondoka polepole, mpaka siku moja katikati ya maombi nikashtuka kwamba naongea peke yangu. Tatizo langu si kutoamini. Tatizo ni kwamba sipati utulivu. Zamani kila kitu kilikuwa na sababu yake, hata vita. Sasa sijui lolote. Usiku naamka saa tisa, siwezi kusogeza hata kidole, na naona mtu amesimama mlangoni. Mama anasema ni kwa sababu nimeacha kwenda kesha. Namsomea huyo mtu Zaburi ya 91 moyoni ndipo anaondoka, na mimi Zaburi siiamini! Mdogo wangu alipougua tifoidi nililia nikidhani ni adhabu yangu. Mchumba wangu anataka kuleta mahari, mjomba wangu aliye Lubumbashi amenitafutia kazi ya ualimu, na siwezi kuamua chochote, kwa sababu zamani niliomba ishara. Je, huu ni ugonjwa? Au nirudi tu ili nipumzike? Tafadhali usinijibu kwa mistari ya Biblia, wala usiniambie kwamba dini ni uongo."

Dada yangu,

Nitayaheshimu masharti yako yote mawili. Ila ujue kwanza anayekujibu ni nani: mimi ni mwanasaikolojia wa kliniki, nafanya kazi hapa hapa Bukavu, na Jumapili naenda misa. Nakuambia hilo ili uyapime maneno yangu ukijua yanakotoka. Kazi yangu si kumrudisha mtu kanisani wala kumtoa. Mtu akija kwangu hajalala wiki nzima, namsaidia alale, na akishalala atafikiri mwenyewe.

Katika barua yako naona mambo mawili ambayo umeyabeba kama jambo moja. La kwanza ni swali: yale niliyofundishwa ni kweli au si kweli? La pili ni hofu: mwili unaoshtuka saa tisa za usiku, moyo unaokuambia mdogo wako anaumwa kwa ajili yako. Umekuwa ukiitibu hofu kwa kulikimbilia swali, ukiamini kwamba siku utakapopata jibu ndipo utatulia. Sasa umechoka, na unataka kulimaliza swali kwa kuitii hofu: nirudi tu nipumzike. Sidhani hata moja kati ya njia hizo itakufikisha. Swali lina mwendo wake, linaweza kuchukua miaka, na wapo wengi wanaoishi nalo vizuri hadi uzeeni. Hofu nayo ina matibabu yake, na matibabu hayo hayangoji swali lijibiwe. Karibu yote nitakayokuandikia yanatoka hapo.

Kupoteza imani si ugonjwa. Hata mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ambao hutumika sehemu nyingi duniani kuainisha magonjwa ya akili, katika toleo lake la mwaka 1994 uliliweka tatizo la kidini au la kiroho, kuipoteza imani au kuitilia shaka kukiwemo, miongoni mwa mambo ambayo mtu anaweza kuhitaji mtaalamu bila kuwa mgonjwa wa akili. Ulicho nacho kwa sehemu kubwa ni msiba. Kuna uliyezoea kuongea naye kila usiku tangu ukiwa mtoto, na hayupo tena. Na msiba huu hauna matanga. Hakuna anayekuja kukaa nawe, hakuna anayeleta unga wala makaa, na wewe mwenyewe huwezi kulia mbele za watu kwa sababu hawajui umepoteza nini. Wapo watakaokuambia umesoma kupita kiasi, au pasta fulani alikukwaza, au unaficha dhambi. Umesema hakuna aliyekukosea, nami nakuamini. Imani ya mtu inaweza kuondoka hivyo, taratibu, bila kisa.

Tuanze na huyo wa mlangoni, maana ndiye anayekuharibia usingizi, na usingizi ukiharibika hakuna kingine kitakachokaa sawa.

Usingizi wa usiku mmoja una vipindi kadhaa. Kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope na ndoto huwa nzito. Katika kipindi hicho ubongo huilegeza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili, ili usije ukaiigiza ndoto yako na kujiumiza. Macho yanaendelea kwenda, na msuli mkubwa wa kupumulia ulio chini ya mapafu unaendelea na kazi. Kwa kawaida hali hiyo huondoka kabla hujaamka. Lakini kwa mtu aliyechoka, anayelala saa zisizolingana au mwenye mawazo mengi, akili inaweza kuamka mapema kuliko mwili. Macho yako yanaona chumba chenyewe, pazia lenyewe, mlango wenyewe, huku ndoto bado inaendelea juu yake. Ndiyo maana unaona mtu, na ndiyo maana husogei. Wengi husikia pia kifua kizito, kwa sababu misuli ya mbavu imelegea, na mtu akijaribu kuvuta pumzi kwa nguvu haimtii. Hali hiyo huchukua sekunde kadhaa au dakika chache, kisha huisha yenyewe.

Wataalamu hukiita kitu hiki kupooza usingizini. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2011, uliokusanya tafiti nyingi zilizotangulia, ulikuta kwamba karibu asilimia 8 ya watu kwa jumla wamewahi kupatwa nacho angalau mara moja, na kwa wanafunzi ni zaidi ya robo. Kinawapata wanaosali na wasiosali. Kinachobadilika ni sura ya mgeni. Wajapani wana jina lao, kanashibari. Kule Pemba na Unguja mwaka 1995 watu walisema ni jini aitwaye Popobawa, na baadhi ya walioandika juu ya mkasa ule wanaueleza kwa njia hii hii. Hapa kwetu ni mchawi, au roho aliyetumwa. Ubongo unaoamka umejaa hofu hutafuta sababu ya hofu hiyo, na huchukua ile ambayo nyumba uliyokulia iliiweka karibu.

Mama yako basi hakosei kuona kwamba mambo haya yalianza ulipoacha kesha. Sababu ndiyo nyingine. Ulipoacha, nadhani ulianza kulala macho wazi, ukibishana na nafsi yako mpaka saa saba au saa nane, na uchovu huo ndio unaomfungulia mgeni mlango. Lala na amka saa zile zile, hata Jumamosi. Lala kwa ubavu, maana kulala chali kunaongeza matukio haya. Kama unasoma mabishano ya dini kwenye simu ukiwa kitandani, yahamishie mchana. Na ikitokea tena, usipigane na mwili mzima. Jiambie polepole: akili imeamka, mwili bado umelala, itaisha. Toa pumzi taratibu, kisha elekeza nguvu zote kwenye ncha ya kidole kimoja cha mguu. Kidole kikitikisika, mwili wote hufuata.

Nenda kwa daktari kama linatokea mara kadhaa kwa wiki hata baada ya kurekebisha usingizi, kama mchana usingizi unakuangusha ghafla, kama magoti yanalegea ukicheka, au kama wanaolala nawe chumbani wanasema unatetemeka, unajing'ata ulimi au unakojoa kitandani. Dalili hizo zinaweza kuwa za kitu kingine, kifafa kikiwemo, ambacho kina dawa. Na nakuomba, usikubali kupelekwa chumba cha maombi kufungishwa siku nyingi kwa ajili ya jambo hili. Kufunga kwa hiari ni ibada ya watu wengi na siisemi vibaya. Lakini mwili usiolala, ukiongezewa njaa na kukesha mfululizo, unachoka zaidi, na uchovu ndio chanzo chenyewe.

Sasa Zaburi ya 91. Nimeona umeweka alama ya mshangao pale, na nimeisoma kama aibu. Usione aibu. Ubongo hujifunza hofu kwa njia moja na hoja kwa njia nyingine. Sehemu moja ndogo iliyo ndani, inayoitwa amigdala, hujifunza mapema sana kipi ni hatari, na haikai kwenye mjadala. Mfikirie mbwa wa parseli, yaani wa uwanja wa nyumbani. Wewe mwenye nyumba umemkaribisha mgeni, umempa kiti, lakini mbwa anabweka vile vile. Huwezi kumweleza kwa maneno. Ataacha kubweka akishamwona mgeni anaingia na kutoka mara nyingi bila baya lolote. Ulifundishwa jehanamu ukiwa na miaka minne au mitano, kabla hujajua kuuliza. Ulipoanza kuuliza, akili yako ilifika mahali pengine, lakini mbwa hakuambiwa. Na hata atakapozoea, yale ya kwanza hayafutiki kabisa. Mafunzo mapya hukaa juu ya yale ya zamani, na siku ya msiba, ya ugonjwa au ya risasi mtaani, ya zamani yanaweza kuibuka. Yakiibuka, usiseme: kumbe ni kweli. Wala usiseme: nimeshindwa. Hofu haipimi ukweli wa kitu, iwe upande huu au ule.

Nikupe ushahidi kutoka kwa muumini mkubwa kabisa. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la watawa Wajesuiti, ambao ndio wa shule ya Collège Alfajiri hapa mjini, alipoacha uaskari aliishi Manresa, Hispania, mwaka 1522. Alikuwa ameungama dhambi zake zote. Kisha likamjia wazo kwamba kuna aliyoisahau. Akaungama tena. Akapata nafuu kidogo, halafu wazo likarudi na makali zaidi, akaungama tena na tena, mpaka akajiwa na mawazo ya kujiua. Kilichomtoa huko hakikuwa ungamo lililo kamili kuliko yaliyotangulia. Aliamua kutoziungama tena dhambi za zamani. Alikuwa na imani tele, na hofu ilimtesa vile vile. Na aliponea pale alipoacha kuilisha.

Leo matabibu wanajua kwa nini. Kila unapofanya jambo la kukutuliza haraka, ubongo unaandika kwamba umenusurika kwa sababu ya jambo hilo, na safari ijayo unalidai kwa nguvu zaidi. Yule wa mlangoni angeondoka hata bila Zaburi, kwa sababu sekunde zake zilikuwa zimekwisha. Lakini hujawahi kumwona akiondoka bila Zaburi, kwa hiyo mbwa wako hajajifunza. Safari moja, ukiwa tayari, mwache asimame. Pumua, sogeza kidole, ngoja. Ni ngumu mara ya kwanza, sikufichi. Na kama unapenda kuisoma Zaburi ile mchana kwa sababu maneno yake ni mazuri na ndiyo bibi yako aliyokuimbia, isome bila wasiwasi.

Tifoidi ya mdogo wako inaingia hapo hapo. Inaletwa na bakteria wanaopita kwenye maji au chakula kilichoguswa na kinyesi, na inatibiwa kwa antibiotiki. Wazo la adhabu likija, usibishane nalo na usilifukuze. Liache lipite, na wewe endelea kuchemsha maji ya kunywa.

Nije kwenye sentensi yako iliyonigusa kuliko zote: zamani kila kitu kilikuwa na sababu yake, sasa sijui lolote.

Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval kule Québec walitoa dodoso, kwa Kifaransa, la kupima jinsi mtu anavyostahimili kutojua. Wao na wengine waliofuata wameonyesha kwamba wasiwasi usiokoma unafungamana sana na jinsi mtu anavyoichukulia hali yenyewe ya kutojua. Kuna wanaoiona kama usumbufu. Kuna wanaoiona kama hatari ambayo lazima iondolewe kabla ya kula, kabla ya kulala, kabla ya kuamua. Aliyelelewa kwenye nyumba ambamo kila tukio lilikuwa na maelezo kabla ya jioni hakupata nafasi ya kuzoea kutojua. Huo si udhaifu wa tabia. Ni kitu ambacho hukufundishwa, na kinafundishika kwa umri wowote.

Na wewe unajifunza mahali pagumu. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, tumeona benki zikifungwa, tumeona watu wakiuliza kila asubuhi kama barabara inapitika. Baba yako hajui zaidi yako. Mtazame jioni, bila hasira. Hana habari za kesho kuliko mama anayeuza makaa pale barabarani. Lakini anapiga goti, anasema aliyo nayo, anasema amina, anakwenda kulala. Imani haikuwa inakupa habari. Ilikuwa inakupa ruhusa ya kuacha kutafuta kwa usiku ule. Ruhusa hiyo ndiyo uliyoipoteza, na nadhani umeitafuta mahali pasipo pake, kwenye majibu.

Ruhusa inaweza kujengwa upya. Kuna njia ambayo Thomas Borkovec na wenzake waliijaribu huko Marekani tangu mwaka 1983, nami naitumia na wagonjwa wangu. Chukua daftari la kawaida. Chagua saa moja ya kudumu, tuseme saa kumi na moja jioni, na mahali pamoja, si kitandani. Kaa nusu saa, andika kila kinachokusumbua, kikubwa na kidogo: kama kuna kitu baada ya kifo, kama mjomba atatuma nauli, kama Mungu amekukasirikia. Kwenye kila mstari jiulize: kuna hatua ninayoweza kuichukua wiki hii? Ikiwepo, iandike pembeni. Isipokuwepo, acha mstari ulivyo. Nusu saa ikiisha, funga daftari hata kama hujamaliza. Usiku wazo likija, liambie: zamu yako ni kesho saa kumi na moja. Litarudi mara nyingi siku za kwanza. Unalijibu vile vile. Utashangaa mangapi yatafika saa kumi na moja yakiwa yamepoa.

Kuhusu kuamua bila ishara, tuangalie ishara zilikuwa zinafanya nini. Ulipoomba ishara ulijipa siku kadhaa kabla ya kujibu. Ulikaa kimya. Ulimwambia mama au mtu wa maombi, kwa hiyo hukuamua peke yako. Halafu, na hili ndilo kubwa, ishara ilipokuja ulilifunga jambo, hukulirudia tena. Mambo yote manne bado unaweza kuyafanya. Jipe tarehe. Tafuta kimya. Chagua watu wawili wanaokupenda na wasiofaidika na jibu lako. Tarehe ikifika, jibu, halafu usilifumue jibu kila usiku kana kwamba lilitakiwa kuwa kamilifu. Hakuna aliyewahi kukubali posa akiwa na uhakika wote. Waliosema wanao walikuwa na matumaini.

Kabla ya hayo makubwa, fanya madogo, maana kustahimili kutojua kunajengwa kwenye vitu vidogo. Sokoni Kadutu nunua sambaza kwa mama ambaye hujawahi kununua kwake, bila kumuuliza mtu. Tuma ujumbe bila kuusoma mara ya tatu. Pika bila kuonja kila dakika. Kabla ya kila jaribio andika unachoogopa kitatokea, na baadaye andika kilichotokea. Mara nyingine samaki watakuwa si wazuri. Hapo utajifunza kwamba ulikula samaki wasio wazuri na siku ikaendelea.

Je, ubaki kwenye korale? Sioni sababu ya kuharakisha kutoka. Kuimba pamoja, kupumua pamoja, kuwa na watu wanaouliza ulikuwa wapi usipofika, hayo yanaulinda moyo wa mtu yeyote, na wengi wakiacha imani huacha hayo yote siku moja kisha wanashangaa kwa nini wameanguka. Daryl Van Tongeren na wenzake waliwalinganisha watu wa Marekani, Uholanzi, New Zealand na Hong Kong, wakaona kwamba walioacha dini hubaki na mengi ya namna ya kufikiri na kutenda ya dini yao, kuliko wale ambao hawakuwahi kuwa nayo. Hizo si nchi zetu, lakini ninayoyaona hapa yanafanana. Na tuna mfano wa nyumbani. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, aliingia kwa watawa Wabenedikto nchini Rwanda akiwa kijana, akatoka, akafundisha Lubumbashi, akawa mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Afrika mpaka alipofariki mwaka 2025. Alijitaja kuwa mtu asiyejua kama Mungu yupo, na wakati huo huo aliandika waziwazi juu ya alama ambayo maisha yale ya Kibenedikto yaliiacha ndani yake. Huhitaji kuchagua kati ya kukana utoto wako wote na kuurudia wote. Lakini siku utakapoona kwamba kila wimbo unakuacha na donge kooni kwa sababu watu wanaamini unaloliimba, pumzika mwezi mmoja, utazame unajisikiaje.

Nirudi tu? Unaweza kurudi. Watu hurudi, na wengine wamerudi kwa furaha, na imani iliyo tofauti na ile ya kwanza. Nisingekuambia usirudi, na nikijua ninavyosali mimi, ungekuwa na haki ya kunishuku kama ningekuambia urudi. Ninachokuomba ni usiamue saa tisa za usiku. Ignasi yule yule aliwafundisha watu kwamba wakati wa giza la moyo mtu asibadilishe uamuzi aliouchukua akiwa na utulivu, na katika kazi yangu sijapata ushauri bora kuliko huo. Unaenda pande zote mbili. Usirudi kwa kutishika, maana hofu iliyokurudisha itakaa nawe kanisani, Ignasi ni shahidi. Na usikimbilie uhakika mwingine kwa kutishika, zile video za watu wanaowacheka waumini, ambazo zinakupa utulivu wa jioni moja kisha zinataka uangalie nyingine. Neno "sijui" ni mahali halali pa kukaa.

Watu sasa. Mchumba wako ndiye mtu ambaye, kwa maoni yangu, anapaswa kujua, na ajue kabla ya mahari. Familia mbili zikishakaa, mbuzi na ng'ombe wakishahesabiwa, kila neno linakuwa zito mara kumi. Usimpe mhadhara. Mwambie ulichoniandikia mimi: kwamba imani imeondoka, hujui kama itarudi, na hutaki aoe mtu asiyemjua. Atakavyopokea, umbali atakaouweka au maswali atakayouliza, vitakusaidia kuamua kuliko ishara yoyote. Kabla ya mazungumzo hayo, amua wewe mwenyewe kama ungeweza kulea watoto kanisani pamoja naye, maana hilo ataliuliza.

Baba ni jambo lingine. Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, na ni vizuri ulijue. Lakini unaishi kwake, unakula kwake, na kazi yake yenyewe inatazamwa kupitia watoto wake. Huna deni la kumwambia mwaka huu. Kunyamaza ukiwa bado unategemea paa lake ni busara, si uongo. Kazi ya Lubumbashi ingekupa nafasi na mshahara wako, na hilo lina uzito. Ila fahamu kwamba upweke wa mji mgeni nao una uzito, hasa kwa mtu ambaye jamaa zake wote walikuwa wa kanisa. Ukienda, tafuta watu mapema: walimu wenzako, likelemba (kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu), timu, kikundi cha muziki. Usingoje mpaka upweke ukuume.

Barua haitoshi kwa kila kitu. Tafuta mtu wa kuonana naye uso kwa uso kama huzuni imekaa wiki mbili au zaidi na huwezi kula, kulala wala kufanya kazi. Kama moyo unakimbia ghafla mpaka unadhani unakufa. Kama umeanza kunywa pombe ili ulale. Kama unasikia sauti au kuona watu mchana ukiwa macho kabisa. Kama mtu yeyote amekufungia, amekupiga au amekulazimisha maombi ya kufunguliwa. Na kama mawazo ya kujiua yamekujia, hata kwa mbali, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu leo, na usilale peke yako usiku huo.

Vituo vya afya ya akili vipo: Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, na ukihamia Lubumbashi kuna Centre Joseph Guislain. Vyote vinaongozwa na Frères de la Charité, ambao ni watawa. Usiogope hilo. Wanatibu watu wa dini zote na wasio na dini, na kuvaa msalaba hakumzuii mtu kujua kazi yake. Siku ya kwanza mwambie anayekupokea, kabla hujasimulia kitu kingine: "Nimeacha kuamini, sijaja kuombewa, nimekuja kwa ajili ya usingizi na hofu." Mtaalamu wa kweli atakuuliza unalala saa ngapi. Akianza kukuhubiria, mshukuru, ondoka, na uombe kuonana na mwingine.